Mbona Dawa ya Malaria Hubadilishwa Kila Mara?

Katika makala ya leo hatutazungumza juu ya dalili za malaria, kwa maana hizo wengi wetu tunazijua tangu utotoni. Leo tutajibu swali.

Swali lenyewe wahudumu wa afya huulizwa karibu kila kituo, kuanzia Kwale hadi Busia. Mama hupewa dawa ya malaria ya mtoto wake, akaitazama pakiti, akaigeuza, kisha akauliza: "Daktari, mbona hii si ile tuliyokuwa tukipewa zamani? Mbona nyinyi watu wa hospitali mnabadilisha dawa kila mara? Ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani?" Wengine hawaulizi. Wananyamaza, wanarudi nyumbani, na njiani wanapitia dukani kununua ile dawa waliyoizoea.

Swali hili ni la haki. Ikiwa wewe ulizaliwa hapa Kenya kabla ya mwaka wa 1990, huenda umetibiwa malaria kwa dawa tatu au nne tofauti katika maisha yako. Mtu anayebadilishiwa dawa bila kuelezwa sababu atashuku, na anayeshuku hatameza dawa ipasavyo. Kwa hiyo tuketi pamoja tuitazame historia ya dawa hizi, moja baada ya nyingine. Utaona kwamba kila mara dawa ilipobadilishwa kulikuwa na sababu, na kwamba mara nyingine kosa lilikuwa kuchelewa kubadilisha.

GANDA LA MTI

Dawa ya kwanza ya malaria iliyojulikana ulimwengu mzima ilitoka katika ganda la mti unaoitwa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Watu walilisaga ganda hilo na kulinywa dhidi ya homa kwa karne kadhaa. Mwaka wa 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pierre Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kuitoa dawa yenyewe ndani ya ganda. Dawa hiyo ndiyo kwinini.

Angalia jambo moja hapa. Mwaka huo wa 1820 hakuna mtu duniani aliyejua malaria inasababishwa na nini. Wengi walidhani ni hewa chafu ya mabwawa. Vimelea vya malaria vilionekana kwa mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa mwaka wa 1880, huko Algeria, na aliyeviona ni daktari Mfaransa, Alphonse Laveran. Mwaka wa 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alivipata ndani ya mbu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 60 watu walikuwa wakitibu ugonjwa wasioujua chanzo chake.

Kwinini ilifanya kazi, lakini ilikuwa na shida zake. Ni chungu mno. Masikio huvuma kama nyuki. Sukari katika damu inaweza kushuka ghafla, na kwa mtoto mgonjwa hilo ni jambo la hatari. Tena ilibidi inywewe kwa siku nyingi. Watu walitamani dawa iliyo rahisi zaidi.

MIAKA YA KLOROKWINI

Mwaka wa 1934, mwanakemia Hans Andersag wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani alitengeneza dawa ambayo baadaye iliitwa klorokwini. Mwanzoni iliwekwa kando kwa sababu ilidhaniwa kuwa na sumu nyingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani waliichunguza upya, wakagundua kwamba ilikuwa salama kuliko ilivyodhaniwa. Vita vilipokwisha, klorokwini ilienea ulimwenguni kote.

Wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Ilikuwa ya bei nafuu sana, shilingi chache tu, na iliuzwa katika kila duka la kijiji karibu na chumvi na kiberiti. Ilikuwa chungu, na watu wengi iliwawasha mwili mzima hata wakakosa usingizi. Lakini homa ilishuka. Mtoto aliyelala asubuhi hoi, baada ya siku mbili alikuwa akicheza uani. Kwa zaidi ya miaka 30 dawa hii iliokoa watu wasiohesabika.

Kisha ikaanza kushindwa. Habari za kwanza zilitoka mbali: mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mpaka wa Thailand na Kambodia, na pia huko Amerika ya Kusini, madaktari waliona wagonjwa waliomeza klorokwini yote na bado vimelea vikabaki katika damu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jambo hilo lilithibitishwa hapa Afrika Mashariki, kwa wageni waliopata malaria wakiwa Kenya na Tanzania. Baadaye uchunguzi wa chembe za urithi za vimelea ulionyesha kwamba usugu huo uliletwa Afrika kutoka Asia. Vimelea husafiri ndani ya damu ya watu, na watu hawaachi kusafiri.

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa mambo yaligeuka: aliyeacha kusikia dawa ni mdudu, na aliyekufa ni mtoto.

USUGU NI NINI?

Hebu tueleze kidogo neno hili, usugu. Mgonjwa mmoja wa malaria anaweza kuwa na vimelea mabilioni ndani ya damu yake. Vinapozaana, mara moja moja huzaliwa kimelea kilicho tofauti kidogo na wenzake. Mara nyingi tofauti hiyo haina maana yoyote. Lakini ikiwa inakiwezesha kuitema dawa au kuistahimili, basi siku dawa inapoingia wenzake wote watakufa na yeye atabaki. Atazaa watoto wanaofanana naye. Mbu atakuja, atanyonya, na kuwapeleka kwa jirani.

Sasa fikiria mtu aliyepewa dozi ya siku tatu, akameza ya siku moja, akajisikia nafuu, na zilizobaki akaziweka juu ya kabati kwa ajili ya homa ijayo. Huyo ameua vimelea vilivyo dhaifu na kuviachia uwanja vile vyenye nguvu. Ni kama mkulima anayepalilia nusu ya shamba: magugu yaliyobaki hupata nafasi na jua.

MIAKA ISHIRINI YA KUCHELEWA

Tumesema kwamba usugu dhidi ya klorokwini ulithibitishwa katika eneo letu mwishoni mwa miaka ya 1970. Je, unajua Kenya iliacha lini kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria? Ni mwaka wa 1998. Ilichukua takriban miaka 20.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Sababu ya kwanza ni bei. Hakukuwa na dawa nyingine ya bei hiyo. Sababu ya pili ni kwamba watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi, kama vile Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wana kinga kiasi mwilini kwa kuwa wameumwa mara nyingi. Mtu mzima kama huyo akimeza dawa iliyodhoofika, kinga yake humsaidia kupona, na yeye huisifu dawa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hana kinga hiyo. Dawa ikishindwa, yeye hana kitu kingine cha kumtetea.

Haya hayakugunduliwa kwa kukisia. Kwa mfano, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya Siaya mwaka wa 1991. Wakalinganisha watoto waliotibiwa kwa klorokwini na wale waliotibiwa kwa dawa ambazo bado zilikuwa na nguvu, kama kwinini. Waliopewa klorokwini walikufa kwa wingi zaidi. Na hawakufa hospitalini tu. Wengine walikufa nyumbani, wiki chache baada ya kuruhusiwa kutoka. Vimelea vilivyobaki viliendelea kuila damu yao polepole hadi ikapungua kabisa. Ndiyo sababu kifo hicho mara nyingi hakikuitwa malaria. Watu walisema mtoto aliishiwa damu.

Msikilizaji, hili ni jambo la kukumbuka. Dawa inaweza kuwa dukani, inaweza kuwa na jina zuri, inaweza kuwa ilimponya nyanya yako, na bado isimfae mjukuu wake.

TEMBE TATU KWA MARA MOJA

Nchi ya kwanza Afrika kuiacha klorokwini ilikuwa Malawi, mwaka wa 1993. Kenya ilifuata mwaka wa 1998. Dawa iliyochukua nafasi yake ni ile inayoitwa kwa ufupi SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Wakenya waliipenda haraka. Mtu mzima alimeza tembe tatu kwa mara moja, basi. Hakuna kesho na keshokutwa. Tena haikuwa ghali sana.

Lakini SP nayo ilikuwa na udhaifu uliojulikana mapema. Hukaa mwilini kwa wiki kadhaa huku nguvu yake ikipungua siku hadi siku. Vimelea vipya vinavyoingia katika kipindi hicho hukutana na dawa kidogo tu, isiyotosha kuviua lakini inayotosha kuvizoeza. Usugu ukaja haraka. Mwaka wa 2004, miaka sita tu baada ya kuikubali, Kenya iliamua kuiacha SP kama tiba ya malaria.

Hapa mama mmoja atasema: "Lakini mimi nilipokuwa mjamzito nilipewa SP kliniki." Ni kweli. Katika maeneo yenye malaria nyingi, akina mama wajawazito bado hupewa SP, lakini ni kwa ajili ya kinga, wala si tiba. Utafiti umeonyesha kwamba kwa kazi hiyo bado inamsaidia mama na mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo ukipewa kliniki, imeze. Ukiwa na malaria, usiende kuinunua dukani ujitibu nayo.

MMEA WA UCHINA

Dawa iliyokuja baada ya SP ina historia ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiugua malaria ambayo klorokwini haikuiweza. Serikali yao iliomba msaada Uchina. Tarehe 23 Mei 1967, Uchina ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa Mradi 523 kwa sababu ya tarehe hiyo.

Mwaka wa 1969 mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipewa jukumu la kuongoza kikundi cha kutafuta katika dawa za kienyeji. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kukusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000. Mmea mmoja uliwavutia, unaoitwa kwa Kichina qinghao. Walipoupika na kuujaribu, mara ulifanya kazi, mara ukakataa. Tu Youyou akarudi vitabuni. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliona kwamba mmea huo ulilowekwa katika maji na kukamuliwa. Haukuchemshwa. Akajiuliza: je, huenda moto ndio unaoiharibu dawa? Akabadilisha njia, akatumia kemikali inayochemka kwa joto la chini. Mwaka wa 1971 dawa aliyoipata iliua vimelea vyote katika panya na nyani.

Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliimeza wao wenyewe ili kuhakikisha kwamba haina madhara. Mwaka wa 1972 wagonjwa wa kwanza walitibiwa na kupona. Dawa hiyo ndiyo artemisinini. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2015, Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Wapo watakaosema, "Kumbe ni dawa ya miti shamba! Basi na tuchemshe majani tunywe." La, hasha. Funzo la historia hii ni kinyume chake. Mmea ule ule uliponya au haukuponya kulingana na ulivyotayarishwa na kipimo chake. Chai ya majani yake haina kipimo unachoweza kukiamini. Shirika la Afya Duniani limeonya dhidi ya kuitumia kutibu malaria, kwa kuwa dawa kidogo isiyotosha ndiyo shule ya usugu.

KWA NINI DAWA MBILI KWA PAMOJA?

Safari hii wataalamu walikuwa wameonja machungu ya klorokwini na SP. Wakasema dawa hii isitumwe vitani peke yake. Ndiyo sababu leo tunatumia dawa mseto. Ile tunayoijua sana ina artemetha, ambayo ni ya jamii ya artemisinini, pamoja na lumefantrini. Wengi huiita AL, au Coartem, ambalo ni jina la mojawapo ya chapa zake.

Kila moja ina kazi yake. Artemetha hufyeka vimelea kwa kasi sana, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hufanya kazi taratibu lakini hukaa kwa siku kadhaa, ikimalizia vile vilivyosalia. Kimelea kinachotaka kupona lazima kizishinde zote mbili kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo gumu. Ni sawa na mlango wenye kufuli mbili za funguo tofauti. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani liliyataka makampuni yaache kuuza tembe za artemisinini peke yake.

Kenya ilipitisha uamuzi wa kutumia AL mwaka wa 2004, lakini dawa ilianza kufika vituoni mwaka wa 2006. Bei ilikuwa kikwazo: ilikuwa mara kumi au zaidi ya bei ya dawa za zamani, na haikuwezekana bila msaada wa wafadhili. Katika miaka hiyo miwili ya kungoja, wagonjwa waliendelea kupewa dawa ambayo serikali yenyewe ilikwisha kukubali kwamba imechoka.

KURA ILIYOISHINDA KWININI

Je, kwinini ilienda wapi? Yenyewe iliendelea kutumika hospitalini kwa wagonjwa wa malaria kali, wale waliozimia au wenye degedege, ambao hawawezi kumeza. Kwa vizazi vingi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kuaminiwa. Kisha watafiti wakauliza: je, sindano ya artesuneti, ndugu yake artemetha, haiwezi kufanya vizuri zaidi?

Swali kama hilo halijibiwi kwa daktari mmoja kusema, "Mimi naona hii ni bora." Daktari anaweza kuwapa dawa mpya wagonjwa wenye nafuu bila kujijua, kisha dawa ikasifiwa bure. Kwa hiyo hupigwa kura. Mgonjwa anapofika na mzazi akikubali, ni kura inayoamua apewe dawa ipi, wala si daktari, mzazi au mtafiti. Hivyo makundi mawili hufanana kwa kila kitu isipokuwa dawa. Baadaye watu huhesabiwa: waliopona wangapi, waliokufa wangapi.

Utafiti huo ulifanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Hapa kwetu ulifanywa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, na washirika wake wana kituo tangu mwaka wa 1989. Watoto 5,425 wenye malaria kali walishiriki. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2010. Kati ya waliopewa kwinini, watoto 297 walikufa. Kati ya waliopewa artesuneti, na idadi yao ilikuwa karibu sawa kabisa, walikufa 230.

Tuseme kwa njia nyingine. Ukiwa na watoto 1,000 wenye malaria kali, kwinini itawapoteza 109 na artesuneti itawapoteza 85. Watoto 24 wanarudi nyumbani ambao wasingerudi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali, na dawa iliyotumika kwa karibu miaka 200 ikapisha njia.

Wazazi walioruhusu watoto wao kushiriki, wakiwa katika usiku mbaya kuliko yote maishani mwao, ndio waliotupa jibu hilo. Tunajua kwamba katika vijiji vingi watu huogopa utafiti. Wanauliza damu inayotolewa inapelekwa wapi. Kuuliza si dhambi. Ni haki yako. Utafiti wa halali hupitishwa kwanza na kamati ya maadili. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa ni nini kitafanywa, faida ni ipi na hatari ni ipi. Unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo ukajiondoa kesho, na bado utatibiwa kama kawaida. Ukiona mtu anakuharakisha kutia sahihi bila maelezo, muulize tena, na ukitoridhika, kataa.

SOMO LA MALAWI

Sasa sikiliza jambo la kutia moyo. Unakumbuka kwamba Malawi iliacha klorokwini mwaka wa 1993? Iliiondoa si hospitalini tu, bali pia madukani. Baada ya miaka kadhaa, watafiti wa Blantyre walijaribu kuitumia tena kwa watoto wenye malaria ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2006 na yaliwashangaza wengi. Klorokwini ilifaulu kwa asilimia 99. SP, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilifaulu kwa asilimia 21 tu.

Vimelea sugu vilikuwa vimetoweka. Pale ambapo klorokwini haikuwepo tena, usugu haukuwa na faida, na vile vya kawaida vikavizidi kwa wingi. Hapa Kenya, ambako watu waliendelea kuinunua madukani kwa miaka mingi, badiliko hilo lilienda polepole zaidi.

Hiyo haina maana kwamba sasa ukatafute klorokwini ya malaria. Maana yake ni kwamba nguvu ya dawa haitegemei kiwanda peke yake. Inategemea pia jinsi mamilioni ya watu wanavyoitumia, pamoja na wewe.

HATARI ILIYO MLANGONI

Nakuomba uisikilize sehemu hii kwa makini. Usugu dhidi ya artemisinini ulionekana kwanza magharibi mwa Kambodia, katika miaka ya 2008 na 2009. Wengi walidhani utakuja Afrika kwa njia ile ile ya zamani. Lakini mwaka wa 2020 watafiti walionyesha kwamba vimelea vyenye dalili za usugu vilikuwa vimezuka Rwanda kwenyewe, bila kutoka Asia. Mwaka wa 2021 ikathibitishwa kaskazini mwa Uganda. Tangu hapo umethibitishwa pia Eritrea na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania.

Usiogope kupita kiasi. Huu ni usugu wa kiasi: vimelea huchelewa kufa, lakini dawa mseto bado inaponya kwa sababu ile ya pili ipo kumalizia kazi. Lakini hiyo ni kusema kwamba mojawapo ya zile kufuli mbili imeanza kulegea. Na Uganda na Tanzania si mbali. Ni majirani tunaofanya nao biashara kila siku.

Watafiti hawajalala. Mwaka wa 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa dawa mpya inayounganisha ganaplasidi na lumefantrini. Utafiti huo ulifanywa katika nchi 12 za Afrika, na dawa hiyo ilifanya kazi vizuri. Pia kuna chanjo. Ile ya kwanza ya malaria ilifanyiwa utafiti hapa Kenya pia, na mwezi wa Septemba 2019 ilianza kutolewa Homa Bay. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika. Lakini chanjo haizuii malaria yote, na dawa mpya huchukua miaka kufika kijijini. Kwa sasa, AL ndiyo ngao tuliyo nayo, na usiache mbachao kwa msala upitao.

WAJIBU WAKO

Basi, msikilizaji mpendwa, ufanye nini?

Kwanza, pima kabla ya kumeza. Si kila homa ni malaria. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka baada ya dakika chache.

Pili, maliza dozi. AL humezwa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, mtoto anyonyeshwe. Lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi palipo na mafuta. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudiwe dozi hiyo, na dozi ya kuongeza uiombe kituoni.

Tatu, usigawane dawa. Dozi ya mtoto mmoja ikigawiwa watoto wawili, hakuna aliyetibiwa, na vimelea vya wote wawili vimepata mafunzo.

Nne, mtoto akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akihema kwa shida au akilegea kupita kawaida, usingoje tembe zifanye kazi. Mkimbize hospitalini mara moja.

Tano, lala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Mbu asiyekuuma hakuletei kimelea, kiwe sugu au kisiwe sugu.

Na siku utakapoambiwa kwamba dawa imebadilishwa tena, uliza sababu. Muulize muuguzi: "Ile ya zamani imeshindwa, au hii imeonekana kuwa bora? Inamezwaje?" Mhudumu mwema atafurahi kukujibu. Kisha ukishajibiwa, iache ile ya zamani kabisa, hata kama bado ipo dukani na hata kama ni ya bei nafuu. Watoto wa Siaya walipewa dawa iliyozoeleka. Wa kwako apewe inayofanya kazi.

Hadi tutakapokutana tena katika makala nyingine ya afya, kwaheri ya kuonana.